Mafuta ya kunukia ya limau na chungwa nyumbani: maswali mnayouliza kila mara

Haya mafuta nayapenda sana na nayatumia nyumbani, ndo maana naumia nikisikia mtu kauziwa kichupa akaambiwa kinaua vijidudu vyote, kinatibu kifua, kinafukuza mbu, alafu jioni anaenda kumpaka mtoto. Yana kazi zake na kazi hizo yanazifanya vizuri kweli, ila lazima ujue ni zipi. Pale penye mengi nimejibu kwa urefu, pale penye kidogo nimepita haraka.

Haya mafuta ni kitu gani hasa, si ndo juisi ya limau tu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapotea kwahiyo naanzia hapa. Chukua ganda la limau au chungwa uliangalie kwa karibu, kwenye ile sehemu ya rangi utaona vidoti vidogo vidogo vimejaa, vile ni vifuko vya mafuta. Ukilikunja ganda karibu na mwali wa mshumaa (weka mbali uso, nywele na pazia) vinatoka vinyunyu ambavyo ukivitazama vinawaka cheche hapohapo. Hayo ndo mafuta yenyewe. Viwandani maganda yanakwaruzwa na kukamuliwa kwa mashine bila kupashwa moto, ndo wanaita yamekamuliwa kwa baridi, mengine yanatolewa kwa mvuke.

Juisi ina asidi ya sitriki na vitamini C, mafuta hayana. Kwahiyo wale wanaotia matone kwenye birika wakitegemea ule ukoko mweupe wa chokaa utoke, hautoki, chokaa inataka asidi, tumia siki au juisi yenyewe. Ndani ya mafuta kitu kikubwa ni limonini, kwenye chungwa tamu inapita asilimia 90, kwenye limau iko kwenye 60 hadi 70 hivi, na limau lina sitrali kidogo ambayo ndo inalipa ule ukali wake.

Na mafuta ya mchaichai je, si yananukia limau pia?

Yananukia limau lakini mchaichai ni jani, sio tunda, na mafuta yake sehemu kubwa ni sitrali, sio limonini. Ni makali zaidi kwenye ngozi, na kwa kazi ya kutoa gundi hayafikii ya chungwa. Ninayosema hapa chini ni ya limau, chungwa, chenza, ndimu na balungi.

Sawa, yanafanya kazi gani ya maana nyumbani?

Kazi namba moja ni kutoa vitu vinavyonata. Gundi ya stika kwenye vyombo vipya, bigijii iliyoganda chini ya kiatu, lami, nta, michoro ya krayoni ukutani, wino wa maka pen, na ule utando mzito wa mafuta unaojijenga juu ya jiko na kwenye ukuta wa nyuma yake. Sababu ni kwamba limonini ni kiyeyushi, inayeyusha grisi na gundi, na viwandani inatumika kwa kazi hiyohiyo.

Unafanya hivi, bandua karatasi ya stika kadri inavyobanduka, dondosha matone mawili matatu kwenye pamba, iweke pale juu ya gundi uache kama dakika tano hadi kumi, usianze kusugua mapema, hapo watu wengi wanakosa subira wakasema mafuta hayafanyi kazi. Ukirudi utakuta gundi imelainika imekuwa kama ute, ukiisukuma na kidole (vaa glovu) inajiviringa yenyewe vipande vipande na chini yake kioo kiko safi. Kisha osha na sabuni ya vyombo maana inaacha utelezi. Kwa bigijii na lami ni hivyohivyo, ila jaribu kwanza sehemu iliyojificha kama ni kitambaa cha rangi.

Kwa ukuta uliopakwa rangi nenda taratibu sana, tone moja kwenye kitambaa chenye maji ya sabuni, maana ukizidisha unaondoka na krayoni pamoja na rangi ya ukuta.

Kazi ya pili ni harufu, na hapo hakuna ubishi. Nyumba iliyofungwa siku nzima ukiifungulia madirisha ukaweka na harufu ya chungwa kidogo inabadilika kabisa.

Yanaua bakteria na virusi? Naweza kuachana na dawa ya kusafishia?

Usiachane nayo. Ni kweli kwamba maabara mafuta haya yakiwa mazito yanazuia baadhi ya bakteria na fangasi, lakini hapo tunaongelea kiwango ambacho matone kumi kwenye chupa ya maji hayakikaribii hata. Harufu ya usafi sio usafi. Kama kuna mtu anatapika au anaharisha nyumbani, au umekatia nyama mbichi juu ya meza, osha na sabuni na maji kwanza alafu tumia dawa ya klorini iliyochanganywa kama lebo inavyosema, uiache muda ulioandikwa. Mafuta ya limau weka kesho yake, ukishapumua.

Basi nichanganye na hiyo klorini inukie vizuri?

Hapana, tena usijaribu kabisa. Limonini na klorini zinaingiliana na kutoa kemikali nyingine hewani ambazo hutaki kuzivuta, hasa bafuni ambako dirisha ni dogo. Klorini inatumika peke yake na maji, basi.

Mbona nikitia kwenye chupa ya spreyi yanaelea juu?

Kwasababu ni mafuta, na maji na mafuta hayachanganyikani hata ukitikisa vipi, ukisubiri kidogo tu yanarudi juu. Shida yake sio sura tu, ukipuliza unatoa maji matupu mara kumi alafu mara ya kumi na moja yanatoka mafuta yenyewe yote sehemu moja, yanaacha doa.

Kinachoyashikanisha ni sabuni. Mimi nafanya hivi kwa nusu lita, natia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye chupa tupu, nadondosha matone 10 mpaka 15 humohumo kwenye sabuni, nazungusha chupa vichanganyike, ndo naongeza maji polepole yasitoe povu jingi. Mpangilio ndo siri, mafuta yakutane na sabuni kabla ya maji. Bado tikisa kila unapotumia. Tengeneza kidogo kidogo, ya wiki moja hivi, maana maji ya namna hiyo hayana kitu cha kuyahifadhi na yanaanza kuota uchafu. Inafaa kwa juu ya jiko, vigae, milango ya makabati ya plastiki ngumu, sinki.

Wengine wanatumia spiriti badala ya sabuni, inachanganya vizuri ikiwa kali, ila sasa umeshika vitu viwili vinavyowaka kwenye chupa moja, kwahiyo karibu na jiko sipendekezi.

Sehemu gani nisiguse nayo?

Hii naomba uisome yote. Kitu kinachoyeyusha gundi kinayeyusha na vingine ambavyo hukutaka viyeyuke.

Ukitaka kuona kwa macho yako chukua kipande cha ule ugumu mweupe mwepesi wanaofungia tv na friji mpya kwenye boksi, dondosha tone moja la mafuta ya chungwa yasiyochanganywa na kitu. Panaanza kuzama palepale, kinabaki kishimo chenye ute wa kunata. Ile ni polistirini na limonini inaila kweli, hadi kuna watu wanaitumia kuyeyushia polistirini ili irudishwe kutengenezwa upya. Sasa vikombe vyepesi, vyombo vya kubebea chakula na baadhi ya plastiki ngumu zinazoonyesha vilivyomo ndani, vyote hivyo ni vya familia hiyohiyo. Kwahiyo mafuta yenyewe usiyaweke kwenye chombo cha plastiki ya namna hiyo hata kwa muda mfupi.

Vingine vya kukaa navyo mbali ni mbao zilizopigwa vanishi, vitu vilivyopakwa rangi (ukuta fanya kama nilivyosema juu), mipira ya milango ya friji na mashine ya kufulia (inalegea na kupasuka), vioo vya simu na tv, vitu vya ngozi kama mikoba na makochi. Mabo haiungui na mafuta kama inavyoungua na juisi ya limau, ila mawe kama mabo na granaiti yananyonya, na doa la mafuta kwenye jiwe lisilopakwa sila (dawa ya kuziba vitundu vyake) ni kazi kulitoa.

Nasikia mafuta ya limau ni mazuri kwa fanicha za mbao?

Chupa nyingi zinazouzwa kama polishi ya limau ya fanicha ndani yake ni mafuta ya madini (yale yanayotokana na petroli) yaliyotiwa harufu, sio kichupa chako cha mafuta ya kunukia. Ukichukua haya makali ukapaka moja kwa moja kwenye meza yenye vanishi unaweza kuikuta inanata au imepoteza mng'ao. Kama ni mbao tupu, matone matano kwenye vijiko vitatu vya mafuta ya madini ni salama, futa kwa kitambaa laini.

Difyuza, matone mangapi na kwa muda gani?

Kwa difyuza ya maji (kile kifaa kinachopuliza harufu hewani kama ukungu) ya mililita 100, matone matatu hadi matano yanatosha. Washa nusu saa mpaka saa moja, zima, fungua dirisha. Pua inazoea haraka sana, baada ya dakika kadhaa husikii kitu unadhani imeisha unaongeza, kumbe mgeni akiingia anakohoa. Harufu ya limau na chungwa ni nyepesi inaruka na kuisha mapema kuliko mafuta mengine, ni tabia yake, sio kwamba umeuziwa feki.

Angalia difyuza yako kama imeandikwa inakubali mafuta ya jamii ya limau, maana baadhi ya plastiki zinachakaa. Imwage na kuifuta kila ukimaliza. Na ile mashine ya kuongeza unyevu kwenye chumba cha mgonjwa sio difyuza, usitie mafuta humo.

Kile kichoma mafuta cha mshumaa je?

Mvuke wa limonini unaweza kushika moto mafuta yakifika joto la kama nyuzi 48 za Selsiasi, ambalo ni joto dogo sana. Kwahiyo kwenye kichoma, maji yawepo muda wote, usitie mafuta makavu, usiondoke chumbani. Na usiongeze mafuta kwenye mshumaa unaowaka. Difyuza ya maji ni bora mara mia.

Nina paka, kuna shida?

Ipo. Ini la paka halina uwezo mzuri wa kuvunja kemikali za namna hii, zinamkalia mwilini. Akilamba au yakimmwagikia manyoya anaweza kutoka mate, kutetemeka, kuyumba, kuishiwa nguvu. Usimpake kwa ajili ya viroboto hata kama mtu kakuambia ni ya asili, usiyatumie kwenye sahani yake wala mchanga wake. Ukiwasha difyuza hakikisha anaweza kutoka chumbani kwa hiari yake. Mbwa wanavumilia zaidi kidogo ila kumpaka hapana pia. Ndege wa kufugwa wana mapafu mepesi mno, chumba chao kisiwe na harufu kabisa. Ukiona dalili, daktari wa mifugo moja kwa moja.

Na watoto?

Kichupa kinanukia tunda, kina picha ya chungwa, unategemea mtoto wa miaka miwili afikirie nini? Hiki kitu kikae juu, kwenye kabati linalofungwa, chenye kifuniko kigumu kufungua na kile kidondoshi kisitolewe. Hatari kubwa akinywa ni mafuta kuingia kwenye mapafu, ndo maana USIMTAPISHE, akitapika yanapata nafasi ya pili ya kwenda kwenye mapafu. Mpeleke hospitali na chupa yenyewe mkononi. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika kama 15 bila kukatisha alafu mwone daktari.

Chumba cha mtoto mchanga usiwashe difyuza.

Yakinigusa kwenye ngozi? Naweza kujipaka?

Yenyewe bila kuchanganya, hapana. Yakikumwagikia futa kwa mafuta ya kula kwanza (yanayachukua vizuri kuliko maji) alafu sabuni na maji. Kama unataka kuchanganya na mafuta ya kujipaka, matone sita kwenye mililita 30 ni kama asilimia 1, usizidi sana hapo.

Lakini suala zito ni jua. Mafuta ya ndimu, limau na bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) yaliyokamuliwa kwa baridi yana kemikali zinazoitwa furanokumarini, zikiwa kwenye ngozi alafu ukapigwa na jua unaungua, yanatoka malengelenge na baadae alama nyeusi inayokaa wiki au miezi. Ukijipaka haya, eneo hilo lisione jua kwa saa 12 hadi 18. Chungwa tamu halina shida hiyo, na limau au ndimu iliyotolewa kwa mvuke pia haina. Hata wakati wa usafi, ukimaliza osha mikono na viganja kabla ya kwenda kuanika nguo nje.

Nina pumu, nikae mbali?

Kama harufu kali huwa zinakushika kifua, kaa mbali tu, kuwa ya asili haiifanyi iwe nyepesi kwa mapafu. Hata kwa mwenye afya dirisha lifunguliwe, maana limonini ikikutana na gesi ya ozoni iliyopo kwenye hewa inatengeneza formaldehaidi (gesi inayowasha macho na koo) na vumbi jembamba sana lisiloonekana. Hewa ikizunguka ni kidogo. Ila kama una mashine ya kusafisha hewa inayotoa ozoni, usiiwashe pamoja na difyuza, hapo unakuwa umeunganisha vitu viwili vibaya chumbani mwako.

Mbu wanaondoka?

Usitegemee. Kinachochanganya watu ni kwamba kuna dawa ya mbu inayotokana na mkalitusi wenye harufu ya limau, kitu chake cha kazi kinaitwa PMD, na hiyo imethibitishwa, hata taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inaitaja kati ya dawa za mbu inazozikubali, ingawa sio kwa watoto chini ya miaka mitatu. Ila ule ni mti mwingine na dawa iliyotengenezwa, sio mafuta ya maganda ya limau. Haya yanaruka hewani kabla mbu hajasoma hata harufu. Palipo na malaria, lala kwenye chandarua chenye dawa.

Sisimizi?

Hapa kuna kitu. Wanafuata njia ya harufu waliyojiwekea, ukiifuta kwa ile spreyi ya sabuni na mafuta ya chungwa njia inakatika, na wale waliolowa wanakufa. Lakini wataanza njia nyingine kama tundu na makombo bado vipo, kwahiyo ziba tundu.

Naweza kutia kwenye nguo?

Kwenye maji ya kufulia sioni faida, harufu inaisha ikikauka na mafuta yanaweza kuacha doa. Nguo au vitambaa vilivyolowa mafuta haya usiviingize kwenye mashine ya kukaushia kwa joto, ni hatari ya moto. Viatu vinavyonuka ndo vizuri, changanya matone matano kwenye vijiko vinne vya bekin soda, mimina ndani kwa usiku mmoja, asubuhi kung'uta.

Friji, ndoo ya taka, choo?

Friji hapana, harufu inaingia kwenye siagi na maziwa. Ndoo ya taka ndio, ioshe kwanza, alafu pamba yenye matone mawili chini ya mfuko. Choo, matone mawili ndani ya kile kikaratasi kigumu cha katikati cha toilet pepa.

Wananiambia nidondoshe kwenye maji ya kunywa kila asubuhi.

Usinywe. Hayachanganyiki na maji, tone linafika kwenye koo na tumbo likiwa kali vilevile. Unataka limau kwenye maji, kata limau.

Nitajuaje kama ni halisi?

Lebo iseme jina la kitaalamu la mmea, kwa mfano Citrus limon au Citrus sinensis, ilivyotolewa, nchi na namba ya bechi. Chupa iwe ya kioo cheusi au kahawia. Ikiandikwa "harufu ya limau" tu basi ni manukato ya kutengeneza, ambayo kunukisha yananukisha ila usitegemee yatoe gundi.

Tone kwenye karatasi nyeupe linakusaidia kidogo, likiacha duara kubwa la utelezi ambalo kesho yake bado lipo, limechanganywa na mafuta ya kula. Kivuli kidogo cha njano ni kawaida kwa yaliyokamuliwa kwa baridi. Ila kuna wanaoongeza limonini ya bei rahisi kutoka kwingine na hiyo karatasi haiwezi kuigundua, ni maabara tu.

Yanakaa muda gani?

Ukishafungua, mwaka mmoja hivi, na ukiyaweka kwenye friji ndani ya kibati kilichofungwa yanakaa vizuri zaidi. Adui zake ni hewa, mwanga na joto. Limonini ikikutana na hewa inabadilika, na ile iliyobadilika ndo inayoleta aleji ya ngozi kwa watu wengi, sio ile mbichi. Kwa hiyo kichupa kidogo ni bora kuliko kikubwa kinachobaki nusu hewa miaka miwili. Yakianza kunuka kama tapentaini, au yamekuwa mazito yananata shingoni mwa chupa, yameisha hayo.

Naweza kutengeneza mwenyewe nyumbani?

Mafuta halisi hapana, bila mitambo hupati kitu cha maana. Unachoweza ni kujaza maganda kwenye chupa ya kioo, mimina siki nyeupe mpaka yafunikwe yote (ganda likichungulia juu linaota ukungu), acha wiki mbili, chuja, changanya nusu kwa nusu na maji. Ni nzuri sana kwa sinki, bomba na vioo, na hii sasa ina asidi kwahiyo chokaa inatoka, ila kwenye mabo usiiguse.

Yaliyozeeka nimwage wapi?

Sio kwenye sinki wala mtaro, limonini ni sumu kali kwa samaki na viumbe vya majini. Kama ni kidogo, yamwagie kwenye mchanga au karatasi yanyonywe, acha nje kwenye hewa mbali na moto mpaka yakauke, kisha tupa na taka. Kama ni mengi ulizia sehemu wanayopokea rangi na thina kuukuu, wanayapokea kwa utaratibu huohuo. Kichupa kikishakauka kabisa ndo unakiosha na sabuni.